Mitupo Huru ya Namba Tisa

4 Februari 2019

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na duka lako la saa bado lipo wazi. Sisi huku wazima. Mama goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini akishaanza kutembea humkamati. Mwanangu mkubwa amepata kazi kwenye maabara ya maji. Sasa kila tukitaka kunywa anatuhubiria. Mwaka mpya nilikupigia simu, ukaniambia, "Hatuuzi betri," ukakata. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi, kwa sababu macho yako yanakusikiliza kuliko masikio.

Sasa nina jambo. Chama cha mpira wa kikapu kinajenga ukumbi mpya, na wanataka kuupa jina la mchezaji bora wa kike wa nyakati zote. Kamati imebishana miezi sita. Wazee wanasema hakuna kama Ngongoti, yule namba tisa wa timu ya mitambo ya simu. Vijana wanasema Radi, aliyestaafu juzijuzi. Wakaona heri wamtafute mtu wa takwimu asiye na timu, wakanikuta mimi chuoni nikifundisha wastani kwa watu wanaosinzia.

Wameniletea maboksi kumi na saba ya karatasi za michezo, za kuanzia mwaka 1968. Mjomba, nusu yake ni mwandiko wako! Sikujua ulikaa mezani kuandika pointi miaka yote ile. Mama nilijua alicheza misimu miwili kabla hajanizaa, lakini nikimtajia kikapu anawasha redio.

Nisaidie. Mlikuwa mnaandikaje? Nini mlihesabu na nini mliacha?

Mpwa wako anayelala na maboksi chumbani.


26 Februari 2019

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, kwa sababu siku hizi watu wananisalimia kwa kunipungia mkono kama basi. Mimi mzima. Mke wangu naye mzima, anasema nimekuwa kiziwi kwa makusudi. Mwambie mjukuu wangu wa maji kwamba babu yake anakunywa ya bomba na bado anatembea.

Eti unataka kuwapanga wachezaji wa zamani na wa sasa kwenye mstari mmoja. Mwanangu, akili nyingi huondoa maarifa. Mtu akiniletea saa ya kujaza kwa ufunguo na saa ya betri akaniuliza ipi bora, ninamuuliza kwanza anataka kujua saa ngapi.

Lakini umeuliza, nami nakujibu. Mimi niliwekwa mezani kwa sababu nilikuwa na saa ya kuaminika. Tuliandika pointi, makosa na mitupo huru. Basi. Ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa ringi, hakuna aliyehesabu kabla ya mwaka themanini. Pasi ya kumtengenezea mwenzako ilikuwa adabu tu, haikuandikwa popote. Pointi tatu hazikuwepo. Ukirusha kutoka mbali kocha anakutoa nje, ukajifunze akili.

Sasa Radi ana kila kitu kimeandikwa, hadi pumzi zake. Unamlinganishaje na mtu mwenye safu tatu za kalamu? Ushauri wangu: mpeni Radi ukumbi wenu, kila mtu aende nyumbani. Ni binti mzuri na picha zake zipo.

Maboksi hayo yana vumbi, usiyafungue sana. Msalimie dada yangu. Usimsumbue na mambo ya zamani.

Mjomba wako.


15 Machi 2019

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imesomwa mezani kwa sauti, ila ule mstari wa mwisho niliuruka. Mama alicheka sana mahali pa basi. Goti limetulia kidogo.

Mimi ndiye sijatulia. Kila kipimo kinanipa malkia wake. Nikihesabu pointi kwa mchezo, Radi anaongoza, ishirini na nne. Lakini enzi zake timu moja ilikuwa inapata pointi themanini na tatu kwa mchezo. Enzi zenu hamsini na nne. Kwa hiyo nikaacha pointi zenyewe nikaangalia fungu: katika kila pointi mia za timu, ngapi zimetoka mkononi mwa mtu huyu? Radi, ishirini na tisa. Ngongoti, msimu wake mkubwa wa 1973 hadi 1974, thelathini na sita! Hakuna mwingine anayemkaribia kwa miaka hamsini. Nikaona nimemaliza kazi. Nikajipikia chai.

Kisha nikafanya kosa la kufungua msimu huo mchezo kwa mchezo. Mzunguko wa kwanza, michezo kumi na moja, Ngongoti ana wastani wa pointi kumi na mbili. Mzunguko wa pili, michezo kumi na moja, wastani ishirini na saba. Msimu uliofuata, kumi na mbili tena na kitu. Nikajiambia, labda walibadilisha mbinu. Labda mabeki wa mzunguko ule walikuwa wazembe.

Lakini mitupo huru, Mjomba. Kila kitu kimebadilika katika mchezo huu isipokuwa hicho. Ringi ni ileile, mstari ni uleule, na hakuna anayekuzuia. Unasimama peke yako na mkono wako. Ndicho kipimo pekee ninachokiamini kutoka enzi moja hadi nyingine. Mzunguko wa kwanza Ngongoti alitia 31 kati ya 58. Wa pili, 71 kati ya 81. Msimu uliofuata akarudi kukosa nusu. Mkono wa mtu haubadiliki hivyo kwa miezi mitatu kisha ukasahau.

Wewe ndiye uliyeandika. Nini kilitokea?

Mpwa wako aliyechanganyikiwa.


30 Aprili 2019

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nilichelewa kwa sababu ya kazi. Saa ya mnara wa shule ya wasichana ilisimama, wakaniita. Nilipanda ngazi sitini na mbili nikakuta njiwa ametaga kati ya magurudumu. Mwalimu mkuu anataka saa iende, wasichana hawataki njiwa aguswe. Nimekaa wiki mbili nasubiri mayai yaanguliwe, na shule nzima inachelewa kwa baraka zangu.

Mke wangu ameanza kujifunza baiskeli akiwa na miaka sitini na sita. Usiulize.

Dada yangu anaendeleaje? Anakula vizuri? Mwambie shali aliyonitumia inanitosha.

Kuhusu ile mitupo. Niliongeza. Nilimpenda Ngongoti, na kijana akipenda kalamu yake inateleza. Andika kwenye ripoti yako kwamba mwandika pointi alikuwa mpumbavu, yaishe. Mimi ni mzee, aibu haitanifikisha mbali.

Mjomba wako.


12 Mei 2019

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani tu wazima. Mama anakula vizuri.

Nisamehe nitakayosema. Nilipomaliza kusoma barua yako nilishika kalamu ili niandike ulivyoagiza. Sikuweza. Si kwa huruma, kwa hesabu. Ukimwongezea mtu pointi, jumla ya timu inaongezeka, au mwenzake anapungukiwa. Nimezitafuta nakala za timu pinzani katika michezo sita kati ya ile kumi na moja. Jumla zinalingana. Pointi za namba tisa zinalingana. Hata mitupo huru inalingana. Je, waandikaji sita wa miji sita nao walimpenda Ngongoti msimu huohuo?

Kuna kitu kingine. Kwenye karatasi zako za michezo hiyo, pembeni ya namba tisa kuna nukta ndogo ya wino. Ipo kwenye zote kumi na moja, wala haipo kwingine. Nikiwa mdogo ulinifungulia mfuniko wa saa ukanionyesha alama uliyokwaruza ndani. Ulisema fundi mwaminifu huacha alama kila mahali alipotia mkono. Sasa sielewi. Umeniambia ulidanganya, halafu karatasi zako zinanionyesha mtu aliyejitahidi asidanganye.

Hujawahi kunidanganya, Mjomba. Hata siku ile paka alipokufa uliniambia ukweli. Kwa nini leo?

Ngongoti bado yupo hai. Anaishi kwenye nyumba za wastaafu nyuma ya hospitali, dakika arobaini kutoka hapa. Nitakwenda kumwona.

Mpwa wako.


2 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, nami sikungoja. Nimekwenda.

Anakaa chumba cha chini, mlango wa kijani, na inambidi ainame kuupita ingawa ana miaka sabini kasoro moja. Kiti chake kimeinuliwa kwa matofali. Nilimsalimia, nikajitambulisha kuwa ni mtu wa takwimu wa kamati. Akaniangalia.

"Wewe ni mtoto wa Sindano," akasema.

Sikujua kama mama aliwahi kuitwa hivyo. Nikamwambia jina la mama. Akasema, "Ndiye huyohuyo. Una shingo yake. Kaa."

Nikamtolea karatasi zangu. Nilikuwa nimepanga maswali tisa, la kwanza kuhusu mbinu za kocha. Hakuliacha lifike mwisho.

"Mwanangu, mzunguko ule wa pili mimi sikucheza hata dakika moja."

"Sasa ulikuwa wapi, mama?"

"Nilikuwa na wewe."

Nilidhani ni uzee. Nikarudia swali, polepole, kama tunavyowafanyia wazee, akanikatiza kwa mkono. "Sijachanganyikiwa. Ulikuwa na miezi mitatu. Ulikuwa mzito kama tofali na ulikuwa hutaki kulazwa, unataka kubebwa wima. Mama yako alikuwa uwanjani na jezi yangu. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimefunga mlango kwa ndani, nimekushika. Ikifika mapumziko anakuja mbio anakunyonyesha, jasho linamtiririka, halafu anarudi. Nilikuwa nasikia ukutani watu wanapiga kelele, 'Ngongoti! Ngongoti!' Nami nimekaa kwenye benchi nakubembeleza usilie, wasije wakasikia."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kamuulize mama yako. Nikikueleza mimi, nitajipendelea."

Nimerudi nyumbani, nimekaa jikoni na mama, yeye anachambua mboga, mimi namtazama mikono. Sikumuuliza. Mjomba, nimekula miaka arobaini na mitano katika nyumba hii. Je, nilikuwa nakaa na nani?

Sasa ripoti inatakiwa mwezi ujao. Nikiandika ukweli, ninamvua mzee mmoja jina lake lote, na ninamtangaza mama yangu kuwa alivunja sheria. Nikinyamaza, natia sahihi yangu kwenye namba ninazojua si za mtu huyo. Tafadhali, safari hii niandikie.

Mpwa wako.


20 Juni 2019

Mwanangu,

Sikuulizi habari za nyumbani, nazijua: hamna usingizi. Mimi pia.

Nilitaka kulibeba mimi, ndiyo maana nikajizulia mapenzi. Ngongoti hakuwahi hata kunikumbuka jina. Aliniita Bwana Saa. Sasa sikiliza.

Zamani zile kulikuwa na kanuni: mchezaji akizaa, jina linafutwa kwenye orodha misimu miwili. Hakuna aliyeuliza kama ana nguvu. Mama yako alikuwa na nguvu kuliko wote. Ulipozaliwa Januari, Machi alikuwa anakimbia ngazi za jengo la simu akiwa amekufunga mgongoni. Ukumbi wetu ulikuwa unaezekwa paa upya, kwa hiyo mzunguko wa pili wote tulipangiwa kucheza ugenini, miji ambayo hakuna aliyewajua sura. Vitambulisho havikuwa na picha. Wote wawili warefu. Ni Ngongoti aliyesema, "Vaa yangu. Mimi nitamshika mtoto." Hakuna aliyemshurutisha. Kocha aligeuza uso. Mimi nikaandika namba tisa, kwa sababu namba tisa ndiyo iliyokuwa mgongoni. Nukta niliiweka ili siku nikifa niwe nimesema japo kidogo.

Tulichukua ubingwa. Ndipo mambo yalipoharibika. Mama yako alikuwa zamu kwenye mitambo ya simu, amevaa vidude vyake vya masikioni, ikaingia simu ya chama kwenda kwa kocha. Aliiunganisha mwenyewe. Wakati ule waunganisha simu walikuwa wanasikia yote. Akasikia: namba tisa ameitwa timu ya taifa, ataondoka kwenda kucheza ng'ambo. Alichomoa waya simu ilipokwisha, akapokea inayofuata.

Ngongoti alikuja nyumbani analia, anasema hatakwenda. Mama yako ndiye aliyemfungia sanduku. Mimi nilikuwepo. Akamwambia, "Nenda. Ukikataa watauliza kwa nini." Hapo walikuwa bado ndugu.

Lakini aliporudi, mwandishi wa gazeti alimuuliza kuhusu kikapu cha sekunde ya mwisho, kile kilichotupa ubingwa. Naye akaeleza. Alivyomzunguka beki, alivyoruka, ringi ilivyotikisika. Alieleza vizuri sana, mwanangu. Hakuwa amekiona. Mama yako alisoma gazeti lile akiwa amesimama mlangoni, akalikunja vizuri, akaliweka. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lake, wala hajashika mpira.

Nani alimkosea nani, mimi sijui. Nimejaribu kulijua jambo hili miaka arobaini na mitano, na kila nikifika mahali naona yule mwenzie ana haki. Mmoja alipoteza jina. Mwingine alibeba mtoto wa mwenzake miezi mitatu, akaacha kucheza, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Na mimi niliyekuwa na kalamu ningeandika ukweli mara moja tu, timu nzima ingefungiwa.

Sina ushauri. Nilikuwa nao wa Radi tu.

Mjomba wako, Bwana Saa.


9 Agosti 2019

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Nilitaka kukuandikia likiwa limekwisha, na sasa limekwisha, ijapokuwa sina hakika ni nini kilichokwisha.

Niliandika ripoti ya kurasa ishirini. Nilisema kwamba karatasi kumi na moja za mzunguko wa pili haziwezi kuthibitishwa ni za mchezaji gani, kwa hiyo nimeziweka kando. Sikumtaja mtu. Nikaona nimepata njia ya katikati: sikudanganya, sikumwumbua yeyote. Bila michezo ile fungu la Ngongoti linashuka hadi ishirini na mbili, na Radi anabaki juu. Niliomba Mungu wasiulize.

Kikao kilikuwa leo, kwenye ofisi za chama, viti vya plastiki, feni moja. Walikuwa wamemwalika Ngongoti kama mgeni wa heshima. Nilipofika ukurasa wa kumi na nne mzee mmoja wa kamati akapandwa na hasira. Akasema hizi ni njama za vijana, wanamfutia mama yetu michezo yake bora, na mtu wa takwimu amenunuliwa. Watu wakaanza kunizomea. Mimi nimesimama na kijiti changu cha kuonyeshea.

Ngongoti akainuka. Ilimchukua muda, na fimbo yake. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, tafadhali kaa, tunakuheshimu."

Akajibu, "Nimekaa miaka arobaini na mitano. Leo nisimame kidogo."

Akawaambia yote, Mjomba. Jezi, mtoto, mlango uliofungwa kwa ndani. Akalitaja jina kamili la mama. Akafika hadi kwenye gazeti. "Niliulizwa nikajikuta nimejibu. Nilikuwa nimesikia kelele zake kwa masikio yangu, nikaona kama nimekiona. Kile kikapu si changu. Pointi mia mbili tisini na saba si zangu." Katibu akanyanyua kalamu akamuuliza mwenyekiti aandikeje kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti akasema hajui. Yule mzee aliyekuwa ananitukana alikuwa analia, na sijui kama alikuwa analilia kudanganywa au nini.

Wameamua ukumbi uitwe kwa jina la Radi. Kuhusu ubingwa wa mwaka ule, wameunda kamati ndogo, maana yake haitasemwa tena.

Nilimrudisha Ngongoti kwa teksi. Tulipofika njia panda akasema, "Si huku. Twende kwako." Mama alikuwa mlangoni anakung'uta mkeka. Akamwona anashuka. Hakuna aliyesalimia.

"Umewaambia?" mama akauliza.

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Na la gazeti."

Mama akamwangalia miguu. "Unaitembelea vibaya hiyo fimbo. Iko mkono usio wake." Akaichukua, akamhamishia mkono wa pili, akamshika kiwiko akamwingiza ndani. Sijui kama huko ni kusameheana. Walikaa hadi jua likazama, na mara moja walinicheka mimi, jinsi nilivyokuwa nikinyonya kwa pupa mapumziko yasije yakaisha.

Alipoondoka mama alikuja chumbani kwangu, kwenye maboksi. Akakaa kitandani. Akachukua karatasi moja yenye nukta yako, akaipitisha kidole, akairudisha.

"Katika hesabu zako," akasema, "mimi nilikuwa wa ngapi?"

Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo mara nne, Mjomba, usifikiri sikuipiga. Nikikusanya misimu yake miwili na ile michezo kumi na moja, kipimo kimoja kinamweka wa kwanza, kingine wa sita, na vyote viwili vinayumba kwa sababu alicheza kidogo mno. Ningeweza kumwambia wa kwanza. Angefurahi, na nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimechoka na namba zinazosemwa kwa huruma.

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Michezo haitoshi."

Akasimama, akanishika bega.

"Hata mimi," akasema, "haikunitosha."

Akaenda kulala. Nimeona nikuandikie kabla maneno yake hayajapoa.

Mpwa wako.